Kabla ya mpira na baada ya mpira: kumkinga mtoto na UTI anapopigwa picha ya kibofu

Mzazi akishaelezwa kwamba mtoto wake atapitishwa mpira kwenye njia ya mkojo, kibofu kijazwe dawa, kisha apigwe picha huku anakojoa, swali lake la kwanza huwa ni maumivu. La pili huja baadaye, mara nyingi tukiwa tayari mlangoni: "Sista, sasa huo mpira wenyewe hautamletea UTI nyingine?" Ana haki ya kuuliza. Mtoto ameletwa kwa sababu ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nasi tunataka kumwingiza kitu palepale palipougua. Jibu langu ni kwamba unaweza. Watoto walio wengi sana hurudi nyumbani salama, ila wachache katika kila mia hushikwa na homa siku chache baadaye. Kuna mambo ya kufanya ili hao wachache wawe wachache zaidi, na mengi hayafanyiki chumbani kwetu. Hufanyika nyumbani, siku kadhaa kabla ya kipimo na saa chache baada yake.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha eksirei, upande wa watoto. Daktari anasoma picha, fundi wa mionzi anaendesha mashine, mpira naushika mimi.

Kipimo chenyewe hakina mambo mengi. Mpira mwembamba unapitishwa hadi kwenye kibofu, mkojo uliomo unatolewa, na kidogo chake mara nyingi hupelekwa maabara. Kisha dawa ya rangi, ile inayoonekana kwenye eksirei, inateremshwa mpaka kibofu kijae na mtoto akojoe. Tunatafuta mkojo unaorudi juu kuelekea kwenye figo badala ya kushuka, na kwa watoto wa kiume tunaangalia pia kama kuna vikunjo vilivyoziba njia ya mkojo tangu kuzaliwa. Mkojo unaorudi hupewa daraja, kuanzia la 1, ambapo unaishia kwenye mrija unaotoka kwenye figo, hadi la 5, ambapo mrija umetanuka na kujipinda na figo yenyewe imetanuka.

Vijidudu huingiaje? Mdomo wa njia ya mkojo hautakati kabisa hata ukiusafisha vipi. Bakteria wa E. coli, ambao ndio chanzo cha UTI nyingi za watoto, makazi yao ni utumboni, na kutoka njia ya haja kubwa hadi njia ya mkojo ni mwendo mfupi, hasa kwa msichana. Mpira ukipita unaweza kuwasukuma wachache mbele yake. Kwa kawaida hawafiki mbali, maana mtoto akikojoa kibofu kinajisafisha na mambo yanaishia hapo. Balaa ni pale mkojo unaporudi juu. Dawa tuliyoijaza inapopanda kwenye figo hupanda na chochote kilichomo, na ikishuka tena hubaki kibofuni wakati mtoto anadhani ameshamaliza kukojoa. Kwa hiyo mtoto mwenye tatizo tunalolitafuta ndiye aliye hatarini kuliko wenzake kwenye kipimo cha kulitafuta.

Ndiyo maana naona kinga inaanzia mbali kidogo: je, kipimo hiki kinahitajika kweli? Zamani karibu kila mtoto mdogo aliyepata UTI yenye homa alitumwa kwetu. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kilitoa mwongozo kwa watoto wa miezi 2 hadi 24 kwamba wasipelekwe moja kwa moja baada ya UTI ya kwanza yenye homa. Waanze na ultrasaundi, na picha ya mpira ifuate iwapo ultrasaundi imeonyesha figo iliyotanuka, kovu au dalili nyingine ya kutilia shaka, au iwapo UTI ya homa imerudi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unabana zaidi: kwa mtoto aliyefikisha miaka 3 haupendekezi kipimo hiki kuwa cha kawaida. Sisemi mzazi akatae kipimo. Mtoto wa kiume anayekojoa kwa kudondosha matone, au mtoto ambaye figo zake zilionekana zimetanuka tangu tumboni, huyo kipimo ni chake na kumchelewesha ni kumwonea. Lakini kumwuliza daktari "tukipata jibu hili, matibabu yatabadilika vipi?" si utovu wa adabu. Wapo ambao swali hilo limewaokoa na mpira.

Kuna mkanganyiko hapa ambao naukuta kila mara. Wazazi husikia kuna picha "isiyo na mionzi", ile ya ultrasaundi ambayo kibofu hujazwa maji yenye viputo vidogo sana vya gesi, wakadhani na hatari ya UTI imeondoka. Mionzi kweli hakuna, na kwa hilo ni picha nzuri sana. Marekani iliidhinisha dawa ya viputo kwa kazi hiyo ya watoto mwaka 2016. Lakini viputo huingia kwa mpira uleule. Ile ya DMSA, ambayo mtoto huchomwa sindano ya mshipa na kupigwa picha ya figo baada ya saa chache, ndiyo isiyo na mpira, ila yenyewe inaonyesha makovu ya figo. Haiwezi kukuonyesha mkojo ukirudi.

Tuseme kipimo kimepangwa. Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kabla ya siku yenyewe, ni kwamba mtoto asiingie na UTI iliyo hai. Tukimjaza mtoto kibofu chenye mkojo mchafu, na mkojo huo ukapanda, tumepeleka maambukizi kwenye figo kwa mikono yetu. Ile UTI iliyomleta iwe imetibiwa, homa imekwisha, na akiwa ana dalili yoyote mpya apimwe mkojo kabla. Ukiamka siku ya kipimo ukamkuta ana joto, anatapika, analia akikojoa, au mkojo unanuka kuliko kawaida, piga simu. Tunaahirisha. Hakuna nesi mwenye akili atakayekununia kwa hilo, ingawa najua nafasi hupatikana kwa tabu na wengine hunyamaza ili wasiipoteze.

Neno kuhusu mkojo wa kupima: ule wa kufungiwa mfuko kwenye nepi huchafuliwa na ngozi kirahisi. Ukitoka safi, vizuri, uamini. Ukitoka na vijidudu, usikimbilie kuanza dawa wala kuvunja miadi kabla daktari hajaamua kama urudiwe kwa njia bora, yaani mkojo wa katikati uliokingwa kwenye kikopo safi, au uliotolewa kwa mpira.

Halafu kuna choo. Nikimwuliza mzazi mtoto anapata choo mara ngapi, hunitazama kana kwamba nimekosea idara. Mtoto aliyefunga choo ana utumbo mpana uliojaa, umekaa nyuma ya kibofu na kukisukuma, na kibofu kinachosukumwa hakitoi mkojo wote. Mkojo unaobaki ni chakula cha bakteria. Watoto wenye choo kigumu na tabia ya kubana mkojo hupata UTI kwa urahisi zaidi, iwe wanapigwa picha au hawapigwi, na wakija kwetu na tumbo limejaa hata picha hutoka na kivuli cha kinyesi kila mahali. Kwa hiyo wiki ya kabla ya kipimo, maji ya kutosha, matunda na mboga, na kama daktari alishaandika dawa ya kulainisha choo, apewe bila kuruka siku. Naamini hili limezuia homa nyingi kuliko chupa nyingi za dawa, ingawa hakuna anayelitaja kwenye barua ya miadi.

Siku yenyewe mwogeshe kama kawaida kwa maji na sabuni laini. Usimsugue kwa dawa ya kuua vijidudu. Ngozi ile ikichubuka itawaka akikojoa, na kuwaka huko kutatuletea taabu nitakayoieleza chini. Mtoto wa kiume ambaye hajatahiriwa, govi lisivutwe kwa nguvu, si na wewe wala na sisi. Njaa ya nini? Kama hapewi dawa ya usingizi, hakuna haja ya kufunga. Ale, anywe, aje na furaha yake.

Sasa antibiotiki. Hapa madaktari wenyewe hawafanani, na mzazi anayehama hospitali moja kwenda nyingine huchanganyikiwa. Mwongozo wa NICE unasema wazi: mtoto anywe antibiotiki ya kinga kwa siku 3, kipimo kifanyike siku ya 2. Kwingineko hupewa wale tu walio kwenye hatari zaidi, kama vile waliokwishajulikana kuwa na mkojo unaorudi au figo zilizotanuka, na wengine huachwa. Mimi nikiulizwa, mpango wa siku 3 naupenda kwa sababu ni mfupi na una mwisho unaojulikana. Hofu yangu ni dawa isiyo na mwisho. Utafiti wa RIVUR uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulifuatilia watoto 607 wenye mkojo unaorudi kwa miaka 2. Waliokunywa antibiotiki ya kotrimoksazoli kila siku walirudiwa na UTI karibu nusu ya wale waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu, na hilo si dogo. Makovu mapya ya figo, hata hivyo, hayakupungua. Na miongoni mwa waliorudiwa na E. coli, bakteria sugu kwa dawa hiyo walipatikana kwa asilimia 63 ya waliokuwa wakiinywa, dhidi ya asilimia 19 ya wenzao. Wale walikuwa kwenye dawa ya muda mrefu, si siku 3, lakini mtu akielewa namba hizo ataacha kumpa mtoto kijiko cha ziada "kwa usalama".

Ukipewa dawa, uliza vitu viwili: ianze lini hasa, na iishe lini. Nimeona chupa iliyoanzwa asubuhi ya kipimo na nyingine iliyokwisha siku mbili kabla, na zote mbili wazazi walidhani wamefuata maagizo, kwa kuwa maagizo yenyewe yalisema "siku tatu" tu. Mtoto ambaye tayari yuko kwenye dozi ndogo ya kila usiku, mwambie daktari. Huenda akabadilisha dozi kwa siku hizo, na huo si uamuzi wa nyumbani. Mtaje mtoto aliyewahi kutoka vipele au kuvimba kwa dawa yoyote. Kotrimoksazoli haifai kwa kichanga wa wiki za mwanzo, na nitrofurantoini haifai kwa wa chini ya mwezi mmoja wala kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), kwa sababu huweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Sharubati iliyobaki ya kaka yake haihusiki kabisa.

Chumbani kwetu kuna mambo ambayo mzazi anaweza kuyaona kwa macho na asiogope kuyauliza. Mikono inaoshwa, glavu safi za pakiti zinavaliwa baada ya kila kitu kuwekwa tayari, sehemu inasafishwa kutoka mbele kwenda nyuma kwa pamba mpya kila mpanguso. Mpira ni mwembamba, wa namba 5 kwa wachanga na 8 kwa wakubwa kidogo, hauna puto, na unapakwa jeli, ikiwezekana ya ganzi, ambayo lazima ipewe dakika zake ifanye kazi. Kwa wasichana wadogo mpira huweza kuteleza ukaingia ukeni, kwa kuwa matundu yamekaribiana. Hapo aliyefundishwa vizuri hauchomoi akaujaribisha juu. Anauacha palepale uwe alama ya mahali pasipo penyewe, anafungua pakiti mpya. Ukiona mpira uliokosea njia unatolewa na kurudishwa huohuo, sema. Sema kwa upole, lakini sema.

Mtoto anayepiga mateke huongeza hatari pia, na hili wengi hawalifikirii. Akibana misuli, mpira haupiti, tunarudia, na kila kurudia ni nafasi nyingine ya kuingiza vijidudu na kuchubua. Kwa hiyo mtoto aambiwe ukweli mapema, kwa maneno ya umri wake: utalala kitandani, nitakusafisha kwa maji ya baridi, kitapita kamba laini kwenye mahali pa kukojolea, utasikia kama mkojo umekubana, halafu utakojoa palepale kitandani na hakuna atakayekugombeza. Anayeambiwa "tunaenda kupigwa picha tu" hututambua kuwa waongo dakika ya pili. Mzazi akae kichwani, ashike mkono, amwambie apulize pumzi kama anazima mshumaa. Anapopuliza, misuli ya chini hulegea. Nautumia ujanja huu kila siku.

Dawa huteremka yenyewe kutoka kwenye chupa iliyotundikwa. Hatuisukumi kwa bomba la sindano, kwa sababu shinikizo kubwa linaweza kuurudisha mkojo ambao usingerudi. Kiasi kinakadiriwa: umri wa mtoto kwa miaka, jumlisha 2, zidisha kwa 30, unapata mililita. Wa miaka 4 ni kama mililita 180. Vichanga hukadiriwa kwa uzito, kama mililita 7 kwa kilo. Akishakojoa tunaangalia kama kibofu kimeisha, na kikibaki na kingi na mpira bado upo, hutolewa kabla ya kuuchomoa.

Watu wengi hupumua hapo, wakidhani kazi imekwisha. Kwa upande wa maambukizi, saa zinazofuata ndizo ninazoziogopa. Mara ya kwanza kukojoa baada ya mpira kunawaka. Mtoto akishaonja huo moto, anabana. Na kubana ndiko kunakoacha mabaki ya dawa na vijidudu vilevile tulivyovisukuma vikae kibofuni joto, kwa saa nyingi, bila kusumbuliwa.

Kuna binti mmoja, wa kama miaka mitano, aliyetoka kwetu amenuna lakini mzima. Jioni mama yake alipiga simu: hajakojoa tangu asubuhi, amekunja miguu kwenye kiti, akiguswa anapiga kelele. Alikuwa amegoma hata kunywa maji, maana ameshapiga hesabu zake kwamba maji yataleta mkojo. Nikamwambia mama ajaze beseni maji ya uvuguvugu, amkalishe hadi kiunoni, amwache acheze, na amruhusu akojoe humohumo. Kimya. "Akojoe ndani ya maji ya kuoga, sista?" Ndiyo, mama, ndani ya maji ya kuoga. Maji huuchanganya mkojo usichome palipochubuka, na joto hulegeza misuli. Simu ilibaki wazi kwenye sinki, nikasikia kikombe kikigonga beseni, wimbo wa shule ukiimbwa nusunusu, kisha sauti ya mtoto, kwa mshangao: "Imetoka!" Ya pili ikawa rahisi, na maji ya kunywa yakaanza kukubalika.

Tangu hapo sisubiri kupigiwa. Namwambia kila mzazi habari ya beseni kabla hajavaa viatu. Mtoto akojoe mara ya pili kabla ya kuondoka hospitalini ikiwezekana. Nyumbani apewe cha kunywa kidogokidogo kila wakati, aende chooni kila baada ya saa mbili au tatu hata akisema hana, na akimaliza asimame, atembee kidogo, ajaribu tena, kwa sababu mkojo uliopanda juu hushuka wakati huo. Msichana akae amepanua magoti na miguu ikanyage kitu, si kuning'inia. Wa nepi abadilishwe mara kwa mara. Mkojo wenye wekundu hafifu na maumivu ya kuwaka kwa siku moja au mbili ni vya kawaida, na dawa ya maumivu ya kawaida kwa dozi ya uzito wake inasaidia. Asiyekojoa kabisa kwa saa nyingi, au mwenye damu nyingi au mabonge, arudishwe.

Homa ni habari nyingine. Joto la nyuzi 38 au zaidi katika siku za baada ya kipimo lichukuliwe kuwa UTI mpaka mkojo useme vingine, hata kama ana mafua na jirani ana mafua. Kichanga huweza asipate homa kali. Atakataa kunyonya, atatapika, atalala mno au kulia bila kutulizika. Wa chini ya miezi 3 haingojwi asubuhi. Na mkojo uchukuliwe kabla ya dozi mpya ya antibiotiki, uoteshwe maabara, ili bakteria ajulikane kwa jina na dawa inayomuua ijulikane. Mzazi anayeanza na kijiko cha chupa iliyobaki kabatini huficha ushahidi: mkojo unaota kidogo au hauoti, homa inaendelea, na daktari anabaki kubahatisha. Aliyekuwa kwenye nitrofurantoini ya kinga ajue pia kwamba dawa hiyo hufanya kazi kwenye mkojo na haitoshi kutibu figo iliyoshambuliwa. Homa ikija juu yake, inabadilishwa.

Kabla hujaondoka chumbani uliza nani atakayekupa majibu, na kama mtoto aendelee na antibiotiki mpaka majibu yatoke au aache siku ya 3. Hili huanguka katikati kila mara: sisi tunadhani daktari wa watoto amesema, yeye anadhani tumesema sisi. Halafu andika kwenye karatasi tarehe ya kipimo, kwamba alipitishwa mpira, dawa anayokunywa na dozi yake, na jibu la mkojo wa mwisho uliooteshwa. Ikiwa homa itakuja usiku na ukajikuta mbele ya daktari asiyemfahamu mtoto, mpe hiyo karatasi kabla hujaanza kueleza.